Krismasi Brussels: Kwa Ndugu au kwa Mji?

Nyuma ya kasri la mfalme wa Ubelgiji jijini Brussels, kwenye uwanja uitwao Place du Trône, Leopold wa Pili amekaa juu ya farasi tangu mwaka 1926. Ni sanamu ya mchongaji Thomas Vinçotte. Watalii huipiga picha na kupita. Wachache huinama kusoma kibao chake, kinachoeleza kwamba shaba na bati yake ilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba ilitolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

Kwa hiyo mtu wa Lubudi anayekwenda kula Krismasi kwa ndugu zake Brussels hukuta madini ya kwao yameshatangulia, tena bila viza. Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Aliyehangaikia nauli mwaka mzima, amekwenda kuona watu au kuona mji? Na kama ni mji, ni upi: ule wa kwenye kadi za posta, au ule uliojengwa kwa jasho la babu zake?

Lubudi si mji wa kujivuna. Ni kituo kwenye reli ya zamani ya BCK, kati ya Tenke na Bukama, na watu wa mbali hukijua kwa simenti. Lakini wilaya yake ni pana na nzito. Ndani yake mna Tenke na Fungurume, ambako malori ya shaba na kobalti hayalali, na mna Bunkeya, makao ya Mwami Msiri. Katika ukanda huu, ukoo wenye mtu Ulaya si ajabu. Tuwaketishe basi watu wanne. Majina hawana, kwa kuwa hoja zao ni za wengi: mama mfanyabiashara wa Fungurume, binti wa dada yake ambaye ni muuguzi anayeishi Brussels na sasa yuko nyumbani kwa likizo, mwalimu wa historia wa Lubudi, na kijana fundi umeme wa mgodini, ambaye Ulaya haimkoseshi usingizi.

Mama anaanza, kama ilivyo haki yake.

"Mimi sikuzaa mawe. Nikienda Brussels nimekwenda kwa mwanangu na wajukuu wangu. Watoto wale bukari wanaila kwa uma. Kiswahili wanakisikia, kukisema hapana. Mkinitoa kwao mkanisimamisha kwenye baridi mbele ya sanamu, mmeniibia."

Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyosikika. Viza ya muda mfupi ya Schengen haizidi siku 90 ndani ya siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na ombi likikataliwa hela hairudi. Bima ya safari haikubaliwi kama kinga yake haifiki euro 30,000. Juu ya hayo kuna karatasi ya dhamana, ile ambayo Wakongo wote huiita prise en charge. Mwenyeji huisaini na kuipeleka ofisi ya manispaa yake pamoja na uthibitisho wa mshahara, na kwa miaka miwili yeye ndiye anayedaiwa mgeni akiugua na kushindwa kulipa, au akihitaji kurudishwa kwao. Ndugu aliyeweka jina lake rehani namna hiyo hakukuita uje kutazama majengo.

"Mama mdogo, kusaini nilisaini," muuguzi anajibu taratibu. "Lakini usiku wa tarehe 24 niko zamu. Tarehe 25 nalala mpaka mchana. Watoto wako kwenye simu zao. Wewe utakuwa kwenye kochi unatazama dirisha, na saa kumi na moja haijafika jua limeshazama."

Mama anacheka, kicheko cha mtu aliyeguswa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye ghorofa za Brussels majembe hakuna, kwa hiyo siku ya tatu mgeni hupewa ufunguo, kadi ya tramu na orodha ya vitu vya dukani. Wengi wa kina mama waliokwenda huko kwa sikukuu watakwambia waliujua mji kwa njia hiyo hiyo: kwa kutumwa sokoni.

Na soko lenyewe ni Matonge. Mtaa huo wa manispaa ya Ixelles, pale Porte de Namur, umechukua jina la mtaa wa muziki wa Kinshasa. Mama anaujua vizuri kuliko kanisa kuu la mji. Ndiko zinakopatikana sombe, kwanga, makayabu na nywele za kusuka, na ndiko mtu asiyekujua hukuamkia. "Huko sitalii," anasema. "Huko nanunua."

Mwalimu anamrukia hapo hapo. "Mama, huko ndiko kutalii kwenyewe! Matonge haikuota kama uyoga. Mwaka 1961, uhuru una mwaka mmoja tu, ilifunguliwa nyumba ya kupangisha wanafunzi wa Kongo, Maison Africaine. Wanafunzi walileta rafiki zao, rafiki wakaleta vinyozi na baa, na muziki ukaja nyuma yao. Kila kikapu unachobeba pale kina historia."

"Kikapu changu kina samaki," anasema mama.

Lakini mwalimu ameshawasha moto, na ramani iko upande wake. Mbele kidogo ya maduka hayo, tarehe 30 Juni 2018, manispaa ya jiji la Brussels ilizindua uwanja wa Patrice Lumumba. Kutoka hapo hadi kwa yule farasi wa Place du Trône ni kituo kimoja cha metro, na kwa miguu ni dakika chache tu. Lumumba na Leopold wamewekwa jirani, mmoja kwa kibao cha jina la uwanja, mwingine kwa tani za shaba. Anayekwenda kununua makayabu hupita karibu nao wote wawili apende asipende.

Mwalimu ana hoja nyingine aliyoificha mfukoni. Januari 1960 Lumumba alikuwa mfungwa huku kwetu, Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mkutano wa Meza ya Duara ulipofunguliwa Brussels, wajumbe wa Kongo walimdai, akatolewa gerezani na kupandishwa ndege. Katika siku zile zile ikakubaliwa kuwa uhuru utakuwa tarehe 30 Juni, na Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz, waliokuwa Brussels kuwatumbuiza wajumbe, wakaupigia wimbo Indépendance Cha Cha katika hoteli ya Plaza. "Hoteli hiyo bado ipo, boulevard Adolphe Max," anasema mwalimu. "Ndugu zako wanapita mlangoni wakienda kununua viatu. Umewahi kuwaambia wajukuu zako hapo ndipo wimbo wanaochezea harusini ulipozaliwa?"

Muuguzi anakiri kwamba hata yeye hakuambiwa. Jambo hilo lastahili kutazamwa vizuri. Mtu aliyehamia mji mkubwa huujua kwa mistari: nyumbani, kazini, shule ya watoto, kanisani, Matonge. Mji wa kutalii hana haja nao mpaka mgeni aje. Kiswahili kimeshamaliza kazi hii zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara ya mama kutoka Fungurume humpa muuguzi sababu ya kushuka kituo ambacho hajawahi kushukia kwa miaka yote aliyokaa.

Kijana hajasema kitu mpaka hapa. Anaposema, anasema kama mtu anayekata waya.

"Mwalimu, yaani nilipe nauli nikaangalie walichotuchukulia? Kibao kimeandikwa shaba ilitolewa bure. Bure na nani? Nani alishuka shimoni?"

Swali halina jibu la kuridhisha, ila lina jibu. Union Minière iliundwa 1906, ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Wafanyakazi iliwasomba kutoka Kasai, Rwanda, Zambia ya leo na vijiji vya Katanga yenyewe. Kiswahili cha Kolwezi na Likasi ni mtoto wa makambi yale. Kampuni ilitoa zawadi kitu ambacho wengine walikitolea jasho, ikajiandikia shukrani kwenye jiwe. Mwandishi wa makala haya haoni kibao chochote katika mji ule kinachomhusu msomaji wa Lualaba kuliko hicho, na anashangaa kwamba vitabu vya wasafiri huanza na Manneken Pis, mtoto wa shaba anayekojoa.

Lakini kijana anaendelea. "Watu wenyewe wa Brussels hawajui wamfanye nini huyo farasi." Ni kweli. Mwaka 2008 sanamu ilimwagiwa rangi nyekundu, na 2020, baada ya kifo cha George Floyd kule Marekani, ikapakwa tena. Kikosi cha wataalamu kilichoundwa na serikali ya jimbo la Brussels kilitoa ripoti Februari 2022 kuhusu alama za ukoloni mitaani, na kati ya mapendekezo yaliyozungumzwa lilikuwamo la kuiyeyusha sanamu na kufanyia shaba yake kumbukumbu ya waliokufa.

"Wakiiyeyusha waturudishie," anasema kijana. "Tunajua bei yake."

"Irudi wapi?" anauliza mwalimu. "Kolwezi ilianzishwa 1937, haikuwapo sanamu ilipowekwa. Shaba ile ni ya migodi ya upande wa Likasi na Lubumbashi."

"Basi wagawane." Wote wanacheka, na mama anasema kwamba hata ikirudi itapita mpaka wa Kasumbalesa kwenye lori la mtu mwingine.

Baada ya kicheko kijana analeta hoja yake halisi, na hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote ingawa ndiyo isiyosikilizwa. Kwa nini Brussels? Mashariki kuna miji mikongwe inayozungumza lugha tunayoijua. Kwa hela ya Ulaya familia nzima ingepanda basi kupita Kasumbalesa, Zambia, Tunduma hadi Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja, wakatembea Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na undugu upo pia: Msiri alikuwa Msumbwa, alikuja Katanga na misafara ya biashara iliyotoka upande wa Tabora, na pembe na shaba za Bunkeya zilifika hadi pwani. "Ukitaka kuona historia yetu, fuata njia ya msafara," anasema. "Hata njiani utauliza choo kwa Kiswahili."

"Na nikifika Unguja nani atanipokea?" anauliza mama.

Kijana hana jibu. Hapo hoja nzuri inavunjika, maana safari ya sikukuu hufuata mtu anayekungoja uwanja wa ndege na koti la kukuvalisha mkononi. Undugu wa karne ya kumi na tisa haukuandalii kitanda. Unguja itabaki kwa fungate na kwa wenye hela za hoteli. Desemba ya wengi itaendelea kufuata watoto walikohamia.

Vivutio vya kawaida havitachukua muda hapa. Grand-Place ni uwanja wa kupendeza kweli, hasa Desemba kunapowekwa mti mkubwa na taa. Wafaransa waliulipua kwa mizinga 1695, wenyeji wakaujenga upya. Atomium, ile mipira tisa yenye urefu wa mita 102, ilijengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1958, na pembeni yake Wakongo waliwekwa katika kijiji cha mfano, watazamaji wakawatupia ndizi mpaka wakagoma na kurudi makwao. Nusu siku inatosha.

Zaidi ya nusu siku inahitajika kwenye bustani ya Cinquantenaire. Tao lake kubwa lilimalizwa 1905 kwa fedha ambazo Leopold alizivuna Kongo. Ndani ya bustani hiyo upo mnara wa 1921 wa kuwasifu Wabelgiji waliotangulia Kongo, kazi ya Vinçotte yule yule. Maandishi yake yanasifu ushujaa wa jeshi la Ubelgiji uliomfuta Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Neno la Mwarabu limekwanguliwa. Mwalimu hupenda mfano huu: katika sentensi nzima ya kujisifu wameona aibu ya neno moja tu. Vita vyenyewe, vya 1892 hadi 1894, vilikuwa dhidi ya watu wa akina Tippu Tip, waungwana wa Kiswahili, na kwa pande zote mbili waliokufa wengi walikuwa watu wa Kongo.

Mama anapiga mwayo. Mwalimu anaelewa. Anabadilisha njia.

"Mama, twende Tervuren."

Tramu namba 44 inatoka Montgomery, inapita msituni, na inaishia karibu na Makumbusho ya Afrika. Mwaka 1897 Leopold aliwaleta hapo Wakongo 267 ili Wabelgiji waje kuwatazama kandokando ya maji, wakijifanya wako vijijini. Majira ya joto ya mwaka ule hayakuwa na joto. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako mstari mmoja nje ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya Tervuren.

Jengo la makumbusho, kazi ya Charles Girault, lilifunguliwa 1910. Lilifungwa kwa matengenezo 2013, likafunguliwa upya tarehe 8 Desemba 2018 baada ya mabishano mengi kuhusu nini kibaki na nini kiondolewe. Ukuta mmoja haukuondolewa. Una majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Kuwaandika Wakongo juu yake hakukuwezekana, maana jengo linalindwa kisheria. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, akatafuta njia ya ujanja: aliandika kwenye vioo vya madirisha, upande wa pili, majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji. Jua likipenya, kivuli cha majina hayo huangukia juu ya yale 1,508. Desemba jua la huko ni la kubahatisha. Siku ya mawingu mgeni anaweza kusimama pale na asione kivuli chochote.

Mama amenyamaza. Kisha anauliza jambo ambalo mwalimu hakulitarajia.

"Wale saba, nani anawapelekea maua?"

Muuguzi anajua kidogo. Vyama vya Waafrika wa Ubelgiji hukusanyika pale kuwakumbuka, na kundi la Collectif Mémoire Coloniale huongoza matembezi ya kufundisha historia hiyo mitaani Brussels.

"Hawakuwa watu wa huku kwetu, mama," anasema mwalimu, kwa uaminifu wa mtu wa fani yake.

"Mfu wa ugenini hana kabila," anajibu. "Kama kuna makaburi, ungesema tangu mwanzo. Makaburi nitakwenda."

Ubishi wa ndugu na mji ulikuwa umesimama juu ya ukuta ambao mama ameubomoa kwa sentensi moja. Kwake Tervuren imetoka upande wa mawe ikahamia upande wa jamaa, na jamaa hutembelewa. Kijana tu ndiye hajaridhika. Anasema kama ni wafu, wapo wa karibu zaidi.

Anamaanisha Bunkeya, na hapo sauti ya tano inaingia bila kualikwa: mzee Myeke, mtu wa jamii ya Msiri, aliyekuwa anasikiliza pembeni. Tarehe 14 Desemba 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa na Kampuni ya Katanga kwa niaba ya Leopold, ulifika Bunkeya. Tarehe 20 Omer Bodson, afisa wa msafara huo, alimpiga Msiri risasi na kumuua, na Bodson mwenyewe akapata jeraha lililomuua. Simulizi za Wayeke husema kichwa cha Mwami kilikatwa na kubebwa. Kila tarehe 20 Desemba Bunkeya huadhimisha kifo hicho, watu hutoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi.

"Ninyi mnakata tiketi za tarehe 15," anasema mzee. "Mnakwenda kulilia watu saba Ulaya siku ambayo Mwami wenu anakumbukwa hapa. Mwambieni huyo mjukuu wa Brussels aje yeye."

"Baba, nikiwaleta watoto wangu ni tiketi za watu wanne," anasema muuguzi. "Na likizo ya baridi ya shule ni wiki mbili, inaanza siku chache tu kabla ya Krismasi. Tarehe 20 hatujafika hata Lubumbashi."

"Wakija likizo kubwa, Julai?"

"Julai labda."

"Julai Bunkeya ina vumbi na haina sherehe."

Mwalimu anajaribu kuwapatanisha, kwa njia inayofichua kwamba ameshaipanga safari kichwani. Mama asafiri tarehe 21, baada ya Bunkeya. Apige picha za sherehe, awaonyeshe wajukuu mezani siku ya Krismasi, wao ndio wamtafsirie vibao vya Kifaransa na Kiholanzi. Na Tervuren waende nao, wala si yeye peke yake na mwalimu wa kwenye simu.

"Siku gani?" anauliza muuguzi, ambaye tayari ametoa ratiba ya zamu zake. "Makumbusho hufungwa Jumatatu. Hufungwa tarehe 25, na tarehe mosi Januari. Tarehe 26 niko kazini. Ishirini na saba nimepumzika."

"Ishirini na saba kanisani kuna harusi Matonge, umeniambia mwenyewe," mama anasema. "Tutakwenda asubuhi. Saa nne tuwe makaburini, halafu huko ndani kwenye majina, saa nane tumerudi nivae. Na maua tununue wapi, huko Tervuren au tubebe kutoka mjini?"